Kwenda Bugarama Bila Kugusa Lori

Kila anayepita karakana yangu siku hizi ana swali moja. Wengine huuliza kwa sauti. Wengine hunipa mkono kana kwamba wananisalimia, halafu wanaugeuza polepole na kutazama kiganja. Wanataka kujua kama niligusa lori. Nimesimulia habari hii nikiwa nimesimama, nimeisimulia nikiwa nimelala chini ya baisikeli za watu, na kila ninapofika mwisho anaingia mwingine aliyekosa mwanzo. Basi nimeiandika. Isomeni, halafu mniache nifanye kazi.

Kwa wasionijua, mimi ni Rajabu, fundi wa baisikeli za umeme, Cibitoke, hapa Bujumbura. Niliondoka mji huu na begi moja na viatu vya kuazima, nikaishi Uholanzi miaka saba. Nilianza kwa kuosha vyombo, nikamaliza na diploma ya ufundi wa baisikeli zenye mota, na hakuna aliyenishika mkono njiani. Diploma yenyewe iko ukutani juu ya benchi, ndani ya fremu ya kioo. Nimeitundika usawa wa macho ya mteja aliyekaa, kwa sababu aliyesimama ana haraka na hasomi. Nimeulizia mji mzima kama kuna nyingine kama hiyo. Hakuna aliyenionyesha.

Dada yangu mdogo, Zaituni, ameolewa huko juu, karibu na soko la Bugarama. Mumewe Bukuru anabeba ndizi. Mnawajua hao watu: baisikeli moja, mikungu mitano au sita, wanashuka mlima kuja mjini kwa kasi inayomfanya mtu mzima afumbe macho. Kushuka si neno. Maneno yako kwenye kupanda. Kurudi juu, kilomita thelathini na kitu za mlima mtupu, wanasubiri lori linalopanda taratibu, wanashika chuma cha nyuma kwa mkono mmoja, na lori linawavuta mpaka nyumbani. Zaituni aliweza kusoma kiganja cha mumewe kama daftari. Bukuru akifika, kabla ya kumpa maji, alikigeuza. Kikiwa cheusi kwa moshi na mafuta, alijua. Bukuru aliapa kuacha mara nyingi kuliko siku za mwaka. Halafu siku moja akarudi na suruali yenye mguu mmoja, goti limechunika, na Zaituni ana mimba ya miezi mitano. Akanipigia simu.

"Kaka, hiyo diploma yako inafundisha kitu gani? Inafundisha watu wa Ulaya peke yao?"

Nilipanda kwao kwa gari Jumapili hiyohiyo. Mbele ya mama mkwe wake na majirani, nikasema nitafunga mota kwenye baisikeli ya milimani niliyokuja nayo kutoka Uholanzi, na mota hiyo itampandisha Bukuru mpaka mlangoni bila lori. Bukuru alicheka mpaka akakohoa. Lakini ni mtu wa neno akiwa mbele ya mama yake, akasema hivi, kwa lugha yao ambamo lori ni kamiyo:

"Shemeji, sikia. Hiyo mashine yako ikinitoa Bujumbura ikanileta hapa, bila kugusa kamiyo, mi sishiki kamiyo tena mupaka nikufe. Lakini ikishindwa, mutu asiniambie tena neno ya kamiyo. Hata huyu." Akamwonyesha Zaituni kwa kidevu. "Na isipande tupu. Mizigo ni mi mwenyewe."

Zaituni alisimama mlangoni. Alinitazama tu, mkono juu ya tumbo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nikishindwa, nitakuwa nimemfunga mdomo dada yangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Karakanani Cibitoke

Mota niliyoichagua ni ile inayokaa katikati, pale chini penye pedeli. Kuna nyingine inayokaa ndani ya gurudumu, rahisi kufunga, na kwenye tambarare ya ziwani inakwenda vizuri sana. Mlima wa Bugarama ungeikaanga. Ya katikati inapitisha nguvu yake kwenye mnyororo na gia, kama mguu wako unavyofanya, kwa hiyo ukiweka gia ndogo inapanda bila kujiumiza. Haya nilimweleza Bukuru kwa mchoro. Alikuwa ameshuka na ndizi zake, amemaliza kuuza, na baisikeli yake tumeifungia ndani kama dhamana.

Ekseli ya zamani ya pedeli ilikataa kutoka. Niliimwagia mafuta jioni, nikaifuata asubuhi kwa spana ndefu niliyoiongezea bomba la maji.

"Huko Ulaya hamuna nyundo?" Bukuru akauliza.

"Fundi mwenye diploma hapigi nyundo."

Dakika kumi baadaye nilipiga nyundo. Mara mbili tu, na kwa mahesabu. Ekseli ikatoka, mota ikaingia kwenye tundu, nikaifunga kwa nati mbili. Nikaweka gia ya meno ya mbele, nikafunga sumaku kwenye njiti ya gurudumu la nyuma na kihisi chake kwenye fremu, ili mota ijue mwendo. Nikabadilisha na mikono ya breki, nikaweka ile yenye waya: ukiivuta hata kidogo, umeme wa mota unakatika. Ni kwa usalama, na ndilo somo la kwanza kabisa tulilopewa darasani, siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo kiko wapi.

Nilijaribu mbele ya majirani. Iliruka kama mbuzi. Watu walipiga makofi, na mimi sikuwazuia.

Rohero, kutafuta umeme

Safari ilikuwa ianze saa kumi na mbili asubuhi. Umeme ulikatika Cibitoke tangu jana yake, na betri ilikuwa nusu. Kwa nusu betri na watu wawili tungefika katikati ya mlima. Nina rafiki anayefanya kazi kwenye ofisi moja huko Rohero yenye jenereta, kwa hiyo nikaichomoa betri, nikaikumbatia na kwenda mjini.

Betri yangu ni boksi jeusi refu lenye mpini. Mnakumbuka uhaba wa petroli mji huu. Sikujua kwamba mtu anayetembea na boksi jeusi lenye mpini, analikumbatia kama mtoto, ana maana moja tu: amepata petroli. Mwanamume mmoja aliacha foleni ya kituo cha mafuta akanifuata.

"Kaka, umepata wapi essence?"

"Si essence. Ni betri."

"Sawa, betri." Akanikonyeza. "Hiyo betri wanatoa wapi?"

Nilipofika kwenye geti la ofisi nilikuwa na wafuasi wanne. Mlinzi, mzee mwenye koti kubwa kuliko yeye, akaliinamia boksi, akalinusa pande zote.

"Hainuki," akasema kwa masikitiko.

"Mzee, ni umeme uko ndani."

"Umeme unabebwa?" Akawageukia wale wanne. "Anasema amebeba umeme. Na sisi tunakaa mu giza."

Aliniruhusu niingie kwa sharti moja: nikitoka nimwashie kitu. Nilipotoka, saa nne asubuhi, betri imejaa, nikachaji simu yake kwa lile tundu dogo lililo pembeni ya betri. Alinipigia saluti. Wale wanne walikuwa bado wapo, na mmoja aliondoka na namba yangu. Ni mteja wangu mpaka leo.

Kamenge, na mlio wa kwanza

Tuliondoka Cibitoke saa tano badala ya saa kumi na mbili, Bukuru ameketi kwenye keria nyuma, mikono amekunja kifuani kama waziri. Tulipopita Kamenge, wanafunzi walitupigia miluzi. Bukuru aliwapungia.

"Unaona, shemeji? Kwenye kamiyo hakuna mutu ananisalimia."

Akataka tule kabla ya mlima. Nikasema tumechelewa, akasema tumbo tupu halipandi. Tulikula mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma zenye pilipili iliyonifanya niongee Kiholanzi. Mchoma nyama alimuuliza Bukuru yule mzungu mweusi anatoka wapi. Bukuru akamjibu kwamba mimi ni daktari wa velo, yaani wa baisikeli. Nilimwacha.

Mlima ulipoanza, mota iliimba vizuri kwa dakika kama ishirini. Halafu nikasikia ko, ko, ko chini ya miguu. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni hofu. Mimi niliijua kabla sijasimama: nati kubwa imelegea, na mota kwa nguvu zake yenyewe inajizungusha na kugonga fremu. Hutokea mara ya kwanza inapobeba uzito wa kweli. Nilihitaji spana maalumu tu, na baisikeli isitikisike.

"Ngoja nikufungie feri," Bukuru akasema.

Akatoa mfukoni utepe mwembamba wa mpira, uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Kila mbeba ndizi anao. Baisikeli yenye mikungu sita haisimami yenyewe mlimani, kwa hiyo wanauvuta mkono wa breki na kuuzungushia utepe pamoja na usukani, na baisikeli inatulia kama imepigwa misumari. Alifanya hivyo kwa mkono mmoja, bila kuangalia. Nilikaza nati mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Akafungua utepe, akaurudisha mfukoni. Tukaendelea, na ule mlio haukurudi tena. Nilimweleza kwa kirefu kwamba fundi asiye na shule angefungua mota nzima.

"Kweli," Bukuru alisema. "Shule ni kitu kikubwa."

Kona ya kabichi

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo uvumi ulipozaliwa.

Zaidi ya nusu ya mlima kuna kona pana ambapo akina mama wanauza kabichi, karoti na mahindi kando ya barabara. Hewa ilikuwa imeshaanza kuwa ya baridi. Bukuru akanusa mahindi ya kuchemsha, akanigonga mgongoni. Tukasimama kwa mama mmoja mwenye rundo la kabichi lililopangwa kama mnara. Bukuru akafunga breki kwa utepe wake, tukala mahindi mawili mawili. Wakati wa kuondoka akafungua utepe, akapanda nyuma na mahindi yake mengine mkononi. Nikabonyeza kitufe cha mota kwa kidole gumba. Kimya. Nikakanyaga pedeli. Baisikeli ilisogea kwa nguvu za miguu yangu tu, na mbele ya mlima ule, na Bukuru nyuma, miguu yangu si kitu.

Kioo kidogo cha kwenye usukani kilikuwa kinawaka. Betri ilionyesha ina umeme. Mota ikiugua, kioo hicho huandika namba ya ugonjwa wake. Hakikuandika namba yoyote. Kila kitu kilikuwa kizima, ila hakikufanya kazi.

"Dakika tano," nikamwambia Bukuru.

Nilianza na sumaku ya gurudumu la nyuma. Pengine imesogea. Haikusogea. Nikafungua plagi moja, nikaipuliza, nikairudisha. Nikafungua nyingine. Nikatoa mnyororo. Mama wa kabichi akavuta kigoda karibu ili aone vizuri. Kiswahili chake alikipata kwenye soko la Bujumbura miaka mingi iliyopita, na hakuwa mvivu wa kukitumia.

"Huyu ni fundi?"

"Ni fundi wa diploma, mama," Bukuru akajibu, mdomo umejaa mahindi.

"Ndiyo maana inachukua siku mingi."

Nikafungua kifuniko cha mota. Ndani kuna gia zilizolala kwenye grisi nzito, na grisi ya namna ile ukiigusa kwa kidole, kesho utaikuta sikioni. Nilikagua jino moja baada ya jingine. Nilikagua nyaya zote, nikazifuata kwa vidole kutoka mbele mpaka nyuma. Ukungu ulishuka, ukapanda, ukashuka tena. Mama aliuza kabichi kumi na nne, nilizihesabu. Mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka juu ya vifundo, na nilipojaribu kuipangusa kwa jani la kabichi, jani ndilo lililoharibika. Saa tatu zilipita hivyo. Nikarudisha kila kitu mahali pake, nikabonyeza. Kimya kilekile.

Ndipo tukasikia lori.

Lilikuwa linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, limejaa saruji, na nyuma yake wabeba ndizi watano wakining'inia na baisikeli zao, wametulia kabisa, mmoja anakula muwa. Walimwona Bukuru, wakalipuka.

"Bukuru! We! Njoo, iko nafasi!"

"Na huyo mugeni wako abebwe!"

"Unangoja nini, mke wako hakuoni!"

Bukuru aliinuka. Alinitazama, na sikuona dhihaka usoni mwake. Aliongea kwa sauti ya chini, kwa upole ambao ulinichoma kuliko kicheko.

"Shemeji, umeshachoka. Tushike hii moja. Kona mbili tu. Mi sitasema."

Nitawaambia ukweli kwa kuwa ndio mlioufuata. Chuma cha nyuma kilipita mbele yangu kikiwa karibu kama mlango huu. Nilikuwa nimeushika usukani kwa mkono wa kushoto, na mkono wangu wa kulia ulinyanyuka. Wale watano waliuona, na mmoja akapiga kelele za furaha. Wao wakapita na habari hiyo moja kwa moja hadi Bugarama. Lakini hawakuona kilichofuata, kwa sababu kona iliwameza. Akilini nilimwona Zaituni kwenye ule mlango wake, mkono juu ya tumbo. Nikautia mkono mfukoni, na suruali hiyo sijaweza kuitakasa mpaka leo.

"Tunasukuma kwa miguu," nikasema.

"Mupaka juu?"

"Mpaka mlangoni. Ulisema bila kugusa kamiyo. Hukusema bila kusukuma."

Nadhani ni siku hiyo Bukuru aliponihesabu kuwa shemeji yake, miaka minane baada ya harusi. Akaanza kuokota spana zangu, akazitia kwenye mfuko, na akatafuta kitu cha kuufungia kwenye keria.

"Utepe wangu uko wapi? Ah, uko hapa."

Akanyoosha mkono kwenye usukani, mimi nikiwa nimeuegemea, kidole gumba kimelala palepale kwenye kitufe na kukibonyeza bila mimi kujua. Akauvuta utepe.

Baisikeli iliruka. Iliniponyoka mikononi, ikapita kati ya Bukuru na mama, ikaingia kwenye mnara wa kabichi kwa sauti ambayo sitaieleza. Kabichi zilitawanyika barabarani, mbili zikashika njia ya kurudi Bujumbura kwa kasi kuliko mbeba ndizi yeyote.

"Yoo!" mama akapiga kelele. "Diploma imeamuka!"

Nilikaa chini. Nilikuwa nimeshaelewa, na ningependa kusema nilielewa kwa akili, lakini nilielewa kwa sababu kabichi zilinieleza. Bukuru alipofungua breki alikuwa na mahindi mkononi, kwa hiyo hakuurudisha utepe mfukoni. Aliuzungusha kwenye usukani, kwenye shina la mkono wa breki, usije ukapotea, kama wanavyofanya wote. Ulikuwa umelegea. Haukuzuia gurudumu hata kidogo, ndiyo maana baisikeli ilisukumika vizuri. Lakini ulivuta mkono wa breki kiasi cha unene wa punje ya mchele, na waya ule wa usalama ulikuwa unaiambia mota kwa uaminifu, saa tatu mfululizo: mtu amefunga breki, usitembee. Mota ilikuwa inatii. Haikuwa na ugonjwa wa kuandika.

Somo la kwanza. Kabla ya kuonyeshwa choo.

"Kumbe mi njo nilizima moteri?" Bukuru akauliza, macho yamemtoka.

"Wewe uliizima. Mimi ndiye niliyeiangalia saa tatu bila kuuona utepe."

Akaanza kucheka, mama akaanza, na mwishowe hata mimi. Tulizirudisha kabichi kwenye mnara, zile zilizopasuka tukazichukua sisi kwa ajili ya Zaituni. Lakini kabla ya kupanda nilimshika Bukuru bega.

"Shemeji, hii ya saa tatu ibaki hapahapa kwenye kabichi. Mimi nina jina mjini. Apa."

"Naapa," akasema. Nimeshawaeleza viapo vyake vina thamani gani, lakini kile kimoja, kwa bahati mbaya yangu, aliamua kukishika.

Bugarama, mlangoni

Sehemu iliyobaki ilikuwa furaha tupu. Mota iliunguruma kwa utulivu, ukungu unatupita masikioni, kabichi tatu zikiwa mapajani mwa Bukuru. Kwenye miinuko mikali alishuka na kukimbia pembeni, akiihimiza kwa Kirundi kama ng'ombe. Tuliingia Bugarama betri ikiwa na mstari mmoja wa mwisho, na jua bado lipo.

Nyumbani walikuwa wametoka wote: Zaituni, mama mkwe, majirani, na wawili kati ya wale waliokuwa kwenye lori, waliofika muda mrefu kabla yetu na kusimulia. Nilisimamisha baisikeli hadi gurudumu likagusa kizingiti. Hapo, naomba mnisamehe, nilifanya nilivyozoea.

"Mmeona?" nikasema kwa sauti ya watu wote. "Bujumbura mpaka hapa na mtu mzima nyuma. Haikusimama, haikukohoa, haikuguswa hata kwa spana moja. Hiyo ndiyo kazi ya mtu aliyesoma!"

Wakapiga makofi. Zaituni hakupiga. Alimwendea mumewe, akashika mkono wake wa kulia, akaugeuza. Mweupe, na kipande cha hindi. Akageuza wa kushoto. Mweupe. Akatabasamu kidogo, tabasamu ambalo sijaliona tangu harusi yake. Halafu akanijia mimi.

"Kaka. Leta mukono."

Nilishausahau. Nikautoa.

Ulikuwa mweusi. Wale wawili wa kwenye lori wakagusana viwiko.

"Haikukohoa," Zaituni akasema polepole. "Haikuguswa hata na spana. Sasa hii weusi imetoka wapi?"

Nikamtazama Bukuru. Bukuru akatazama paa la nyumba. Alikuwa ameapa.

"Ni... ni grisi ya kawaida ya safari," nikasema. "Katika mfumo wa katikati, mnyororo unapopitisha nguvu..."

"Bukuru naye alikuwa ananipa maelezo," dada yangu akanikata. "Marefu. Mazuri kama hayo." Sauti yake ilishuka. "We ulishika kamiyo, na yeye anakufichia. Basi ameshinda. Sitasema tena."

Akaanza kurudi ndani. Nilikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa mbele ya majirani. Nilinde jina langu, na dada yangu akae kimya kila jioni akisikiliza malori mpaka mumewe arudi au asirudi. Au niseme.

"Zaituni!" nikaita. "Ilikufa. Ilikufa kwenye kona ya kabichi, saa tatu nzima. Niliifungua yote na sikuona ugonjwa. Haukuwa ugonjwa. Ulikuwa utepe wa mpira kwenye breki, kitu ambacho mwanafunzi wa siku ya kwanza anakiangalia. Sikukiangalia, kwa sababu nilijua sana. Kabichi hizi ndizo zilizonigundulia."

Hakuna aliyecheka mwanzoni, nadhani hawakuamini. Zaituni alirudi. Akanivuta mpaka kwenye mwanga mzuri wa ua, akashika mikono yangu yote miwili, akaigeuza juu na chini. Akatazama kucha. Akanusa, wa kulia, halafu wa kushoto. Kisha akaongea, akiwafundisha wote waliokuwapo, na kwa somo hilo yeye ndiye mwenye diploma.

"Mutu wa kamiyo anachafuka mukono mumoja. Huu mwingine uko ku velo, unabaki mweupe. Na ule mweusi, weusi unakaa ku vidole hivi, mahali chuma inapita, na unanuka mazutu, mafuta ya kamiyo. Huyu amechafuka yote mbili, mbele na nyuma, mupaka mu makucha, na hainuki moshi. Huyu hakushika kamiyo." Akainua uso, na machozi yalikuwa yamemjaa huku anacheka. "Huyu alipigwa na mashine!"

Hapo ndipo walipocheka. Mama mkwe alikalia jiwe ili asianguke. Nilicheka nao, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nchini hakuna aliyeniuliza habari za Ulaya. Walitaka habari za kabichi, na nilizisimulia mara tatu. Bukuru akasimama mbele ya mama yake, akauinua mkono wake mweupe, akasema: "Sishiki tena." Tukala maharage na ndizi na zile kabichi, na mama mkwe akaninawisha mikono kwa majivu na sabuni bila mafanikio.

Baisikeli ile sasa ni ya Bukuru. Ya kwake kuukuu bado iko karakanani kwangu, nyuma ya mlango, hajaja kuiulizia. Utepe wake alinizawadia, uko kwenye msumari chini ya diploma, na mteja akiniambia mota yake imekufa, nautazama kwanza, halafu ndipo nachukua spana. Wale wawili wa kwenye lori bado wanasimulia kwamba waliuona mkono wangu ukinyanyuka. Ni kweli, ulinyanyuka. Anayetaka kujua uliishia wapi akamwulize Zaituni.

Naye alipiga simu juzi. Mtoto amezaliwa, wa kike, hawajambo wote wawili. Kiganja cha Bukuru bado anakigeuza kila jioni, na bado ni cheupe.

"Lakini kaka," akasema, "hiyo moteri yako inamubebea kila kitu. Tumbo yake imeanza kutoka. Uko na diploma ya hiyo?"

Nilifikiri kidogo, nikamwambia ukweli. Ya hiyo sina.